Mwenyeji wa Kulipwa: Hoteli ya Kifahari ya Mjini na Kazi Inayofanyika Ndani Yake

Hoteli ya kifahari ya mjini hutofautiana na hoteli ya ufukweni au kambi ya mbugani kwa jambo moja la msingi, nalo ni kwamba haitegemei mandhari. Mgeni wake mara nyingi amekuja kwa mkutano, kwa biashara, kwa matibabu au kwa sababu ndege yake huondoka alfajiri, na akifungua pazia huona mapaa ya majengo na foleni ya magari. Kinachouzwa ndani ya kuta zake ni uhakika kwamba maji ya moto yatatoka hata saa tisa usiku, kwamba shati lililotolewa asubuhi litarudi jioni limepigwa pasi, na kwamba mtu anayefika kwa mara ya kwanza katika mji asioujua atapokelewa kana kwamba alikuwa akitazamiwa. Uhakika huo ni matokeo ya kazi ya watu wengi ambao mgeni huwaona kwa nadra, na bila kuielewa kazi hiyo ni vigumu kujua kwa nini usiku mmoja unaweza kugharimu kiasi ambacho familia nyingi hulipia pango la mwezi mzima.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, kumpokea mgeni wa mbali kulikuwa na utaratibu wake karne nyingi kabla ya hoteli kujulikana. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alieleza kwamba kila mfanyabiashara aliyeshuka melini alichukuliwa na mwenyeji wake, ambaye alimpa malazi na chakula, akamuuzia bidhaa na kumnunulia alizozihitaji. Na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mwanachuoni wala si mfanyabiashara, alipelekwa kwa kadhi. Katika utaratibu huo kitanda, chakula, ulinzi, ukalimani na ushauri wa biashara vilitoka kwa mtu mmoja na nyumba yake, na malipo yake hayakuwa bei iliyotajwa kwa usiku mmoja, bali uhusiano wa muda mrefu uliomfunga mgeni na mwenyeji. Hoteli ya kisasa imezichukua kazi zote hizo za mwenyeji, ikazigawa kwa makumi au mamia ya wafanyakazi, kisha ikauondoa uhusiano na kuweka hati ya malipo mahali pake. Mgeni akishalipa hadaiwi fadhila na mtu, na huenda hilo ndilo jambo geni zaidi katika biashara hii, kuliko marumaru na mataa yake.

Mgawanyo huo wa kazi ulikomaa katika miji ya Marekani na Ulaya katika karne ya 19. Kabla ya hapo, msafiri wa kawaida katika nchi hizo alilala katika nyumba za wageni ambamo kugawana chumba, na mara nyingine kitanda, na watu asiowajua hakukuwa jambo la kushangaza. Tremont House, iliyofunguliwa Boston mwaka 1829, ilikuwa miongoni mwa hoteli za kwanza kumpa mgeni chumba chake mwenyewe chenye kufuli na ufunguo, pamoja na sabuni ya bure na vyoo vya maji ndani ya jengo. Miaka 60 baadaye, mnamo Agosti 1889, Richard D'Oyly Carte, aliyekuwa amepata utajiri wake katika michezo ya kuigiza ya muziki, alifungua Savoy jijini London ikiwa na taa za umeme, lifti za umeme na maji ya moto na ya baridi ya bomba, vitu ambavyo matajiri wengi wa wakati huo hawakuwa navyo majumbani mwao. Ndiyo kusema hoteli ya kifahari ilianza kwa kumpa mgeni maisha yaliyo mbele ya wakati, na hadi leo mgeni hukutana humo na vifaa vipya kabla havijaenea mitaani.

Aliyeipa biashara hii sura tunayoitambua ni César Ritz, aliyezaliwa mwaka 1850 katika kijiji cha Niederwald nchini Uswisi, akiwa mtoto wa kumi na tatu wa familia ya wakulima, na ambaye alianza kazi kwa kuhudumia mezani. Baada ya kuiongoza Savoy alifungua hoteli yenye jina lake jijini Paris mwezi Juni 1898, ikiwa miongoni mwa za kwanza Ulaya kuweka bafu ndani ya vyumba vya kulala pamoja na umeme na simu. Mwenzake wa jikoni, Auguste Escoffier, aligawa jiko katika vikosi, yaani makundi ya wapishi ambayo kila moja lina jukumu lake, hili michuzi, hili nyama za kuchoma, hili samaki, hili vitamu vya mwisho, ili sahani moja ipite mikononi mwa wapishi kadhaa kwa wakati mmoja badala ya kumsubiri mpishi mmoja aimalize. Mpangilio huo ndio unaowezesha jiko la hoteli yoyote kubwa leo kutoa vyakula tofauti kwa meza nyingi vikafika vyote vingali moto.

Nairobi inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu mji wenyewe na hoteli zake vilizaliwa karibu pamoja. Reli kutoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1899. Mwaka 1902 Mayence Bent alianzisha hoteli ya Stanley, na siku ya Krismasi ya mwaka 1904 ikafunguliwa Norfolk, ambayo mwaka 1909 ilimpokea Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani Marekani na kuja Afrika Mashariki kuwinda. Hoteli hizi zilijengwa kwa ajili ya walowezi na wawindaji wa Kizungu, na chini ya ubaguzi wa rangi wa enzi ya ukoloni Mwafrika aliingia humo kama mpishi, dobi au mbeba mizigo, si kama mgeni. Mnamo Machi 16, 1922, umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi kudai kuachiliwa kwa Harry Thuku, kiongozi wa wafanyakazi aliyekuwa amekamatwa, ulimiminiwa risasi na askari. Na kwa mujibu wa maelezo ya walioshuhudia, baadhi ya walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk, ng'ambo ya barabara, nao walifyatua bunduki zao. Hesabu rasmi ilitaja watu 21 waliouawa, huku maelezo mengine yakitaja idadi kubwa zaidi. Si haki kuisimulia historia ya anasa katika mji huo kwa kutaja watu mashuhuri waliolala humo tu na kuuacha mkasa huo, maana baraza hiyohiyo ya starehe ndiyo iliyokuwa mahali pa kuwatazama, na hata kuwalenga, watu wenye nchi yao.

Baada ya uhuru, ambao Kenya iliupata mwaka 1963, hoteli kubwa ilipata maana nyingine. Serikali changa zilihitaji mahali pa kuwapokea marais, wajumbe na wawekezaji, nazo ziliona kwamba mji mkuu usio na hoteli ya kimataifa ungeonekana haujakamilika. Dar es Salaam ilipata Kilimanjaro mnamo miaka ya 1960, na Nairobi ikapata Hilton na InterContinental mwaka 1969, ambapo mnara wa duara wa Hilton ulikuwa alama ya katikati ya jiji kwa zaidi ya nusu karne. InterContinental ilifungwa mwaka 2020, wakati ugonjwa wa korona uliposimamisha safari duniani kote, na Hilton ikafungwa mwishoni mwa mwaka 2022. Kufungwa huko hakukuwa na maana kwamba anasa ilikwisha Nairobi; ilikuwa imeshahamia Westlands, Upper Hill, Gigiri penye ofisi za Umoja wa Mataifa, na kando ya barabara ya uwanja wa ndege, kwa kuwa hoteli ya aina hii huifuata fedha na ofisi kokote zinakokwenda.

Majina hayo ya kimataifa huwachanganya watu wengi, ambao hudhani kwamba kampuni yenye jina mlangoni ndiyo yenye jengo. Mara nyingi sivyo. Mwenye jengo anaweza kuwa serikali, mfuko wa pensheni au tajiri wa hapohapo, na kampuni ya kimataifa huingia naye mkataba wa uendeshaji, yaani makubaliano ambayo kampuni hutoa jina lake, mifumo yake ya kupokea maombi ya vyumba, viwango vyake vya huduma na mameneja wakuu, kisha hulipwa sehemu ya mapato na ya faida. Hilton ilipiga hatua mapema katika njia hiyo ilipofungua Caribe Hilton huko San Juan, Puerto Rico, mwaka 1949, katika jengo lililogharimiwa na shirika la maendeleo la serikali ya kisiwa hicho. Hoteli ya Kilimanjaro ya Dar es Salaam ni mfano ulio karibu, kwa kuwa jengo limebaki ufukweni palepale ilhali jina la mwendeshaji limebadilika, likiwa Kempinski kwa miaka kadhaa kabla ya kuwa Hyatt Regency. Mgeni anayeweka chumba kwa sababu ya jina fulani ananunua utaratibu wa mwendeshaji, wala si historia ya jengo.

Nyota nazo zinahitaji maelezo, kwa kuwa hakuna chombo kimoja kinachozigawa duniani kote. Kila nchi au kanda ina vigezo vyake, na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekubaliana juu ya vigezo vya pamoja vya kupanga hoteli kuanzia nyota moja hadi tano, ambavyo nchini Kenya husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Wakaguzi hutazama jengo, ukubwa wa vyumba, usafi, usalama, vyakula na huduma, kisha hutoa alama. Daraja la juu kabisa ni nyota tano, na hoteli inayojitangaza kuwa na nyota sita au saba inatumia lugha ya biashara. Nyota huthibitisha kwamba vitu na taratibu fulani vipo, lakini haziwezi kupima kama mtu wa mapokezi atamsikiliza kwa makini mgeni aliyefika usiku wa manane amechoka na mizigo yake imepotea njiani, na hapo ndipo hoteli nzuri inapotengana na hoteli ya gharama tu.

Ndani, jengo la hoteli limegawanyika pande mbili ambazo mgeni huiona moja tu. Upande wa mbele kuna ukumbi wa mapokezi, migahawa, kumbi za mikutano, bwawa la kuogelea na vyumba. Upande wa nyuma kuna korido za zege zisizo na zulia, lifti za wafanyakazi, jiko, dobi, karakana ya mafundi, maghala, jenereta na kantini ya watumishi. Pande hizi huunganishwa na milango isiyo na maandishi, iliyopakwa rangi ileile ya ukuta ili isivute macho, na mfanyakazi anayepita mlango huo kuelekea mbele hutakiwa kurekebisha sare na kushusha sauti. Hoteli za miji iliyoendelea na isiyoendelea zinafanana kwa hili, ila zile za miji ambako umeme na maji hukatika zina mzigo wa ziada wa kujitegemea kwa visima, matangi na mitambo ya umeme, ambao gharama yake imo katika bei ya chumba.

Kazi iliyo nzito kuliko zote upande huo wa nyuma, na inayotajwa kwa uchache, ni ya idara ya usafi wa vyumba. Mhudumu wa vyumba hupewa asubuhi orodha ya vyumba vyake, ambavyo kwa kawaida katika hoteli za mjini ni kati ya 12 na 16 kwa zamu moja, na ambavyo hupungua kadiri hoteli inavyozidi kuwa ya kifahari kwa sababu kila chumba hudai muda zaidi. Hubisha hodi, hujitambulisha, husubiri, na hurudia kabla ya kufungua; kisha huacha toroli lake mlangoni, hufungua mapazia ili mwanga umwoneshe vumbi, na hutandua kitanda chote. Shuka ya chini hutandazwa na kuvutwa hadi mikunjo iishe, kona zake hukunjwa kwa mshazari na kuchomekwa chini ya godoro kwa nguvu, duveti huwekwa kwa kipimo kilekile pande zote mbili, na mito huvikwa foronya ambazo upande wake ulio wazi hauelekezwi mlangoni. Godoro la hoteli ya daraja hilo ni zito, na kuliinua mara nyingi kwa siku ili kuchomeka shuka ndiko kunakowapa wengi wao maumivu ya mgongo na mabega. Kisha huja bafu, ambako unywele mmoja tu uliosahauliwa kwenye kigae cheupe unaweza kumfanya mgeni avitilie shaka vitu vingine vyote alivyokuta safi.

Ili kitanda kimoja kiwe na shuka safi kila siku, hoteli hulazimika kuwa na seti tatu au zaidi kwa kila kitanda, moja ikiwa kitandani, nyingine kwenye dobi na nyingine ghalani, na kwa hoteli yenye vyumba 200 hesabu hiyo inamaanisha maelfu ya vipande vya nguo vinavyofuliwa, kukaushwa, kupigwa pasi, kukaguliwa na kukunjwa bila kukoma. Mpango huo huo ndio unaoeleza kanuni inayowaudhi wageni wengi, ile ya kutakiwa kuondoka saa tano au saa sita mchana wakati anayeingia hapewi chumba mpaka saa nane au tisa. Saa hizo mbili tatu za katikati ndizo pekee ambazo mhudumu anaweza kukiandaa chumba upya, fundi akarekebisha bomba linalovuja, na msimamizi akapita kukagua kabla mapokezi hayajaarifiwa kwamba chumba kiko tayari. Mgeni anayefika na ndege ya asubuhi afanye mpango mapema, au aache mizigo yake hotelini, ambayo hutunzwa bila malipo, akaendelea na shughuli zake.

Karibu na mapokezi huwa kuna mtumishi mwingine ambaye hoteli ndogo hazina, naye ni konsiaji, yaani mtu ambaye kazi yake ni kutimiza mahitaji ya mgeni nje ya chumba chake: kumtafutia daktari wa meno siku ya Jumapili, fundi wa kupunguza suruali kabla ya mkutano wa jioni, au dereva mwaminifu anayejua njia za kukwepa foleni. Wajuzi wa kazi hii wana chama chao, Les Clefs d'Or, kilichoanzia Paris mwaka 1929, ambacho wanachama wake huvaa kwenye kola za koti funguo mbili za dhahabu zilizopishana. Mgeni anayeiona alama hiyo anapaswa kujua kwamba yuko mbele ya mtu aliyeujua mji kwa miaka mingi, na asione haya kuuliza, kwa kuwa huduma hiyo imo katika bei aliyokwisha kulipa. Kati ya watumishi wote wa hoteli, huyu ndiye aliyerithi kwa ukamilifu zaidi kazi ya yule mwenyeji wa Mogadishu.

Bei ya chumba hupangwa kwa kuzingatia ukweli mmoja usioweza kuepukwa, kwamba chumba kisicholaliwa usiku wa leo hakiwezi kuuzwa kesho pamoja na cha kesho. Kwa hiyo bei hupanda mji unapokuwa na mkutano mkubwa na kushuka ofisi zinapofungwa, na si ajabu hoteli ya wafanyabiashara kuwa nafuu siku za mwisho wa juma. Mteja asome kwa makini kama bei aliyooneshwa imejumuisha kodi na kifungua kinywa, kwa sababu nchini Kenya kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16 na kuna tozo ya utalii ya asilimia 2, Tanzania Bara kodi hiyo ya thamani kwa kawaida ni asilimia 18, na baadhi ya hoteli huongeza juu yake gharama ya huduma. Anapofika huombwa kitambulisho au pasipoti, na kadi yake ya benki huwekewa zuio, yaani kiasi fulani hufungwa bila kuchukuliwa ili kulinda hoteli dhidi ya deni la vinywaji au simu. Kiasi hicho huachiliwa baada ya kuondoka, lakini benki inaweza kuchukua siku kadhaa, na mwenye akiba ndogo anaweza kujikuta amekwama mjini ilhali fedha zake zipo.

Langoni, mgeni wa Nairobi hukutana na vioo vya kukagua chini ya magari na mashine za kupekua mizigo. Hatua hizo zilitokana na misiba ya kweli: bomu lililolipuka Norfolk usiku wa Desemba 31, 1980, likaua watu wapatao 20, na shambulio la Januari 2019 katika eneo la hoteli ya DusitD2, ambamo watu 21 waliuawa. Hoteli kubwa hushambuliwa kwa sababu hukusanya watu wa mataifa mengi mahali pamoja, na kwa sababu hiyohiyo imewahi pia kuwa kimbilio. Wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 nchini Rwanda, watu zaidi ya 1,200 walijihifadhi katika Hôtel des Mille Collines jijini Kigali, wakinywa maji ya bwawa la kuogelea baada ya mabomba kukatwa, na wengi wao walinusurika. Walinzi wanaosimama langoni kutwa nzima juani wanabeba sehemu ya hatari hiyo kwa mshahara ulio miongoni mwa midogo kabisa katika jengo, na wanastahili salamu na subira ya kila anayepekuliwa.

Ujuzi wa kazi hizi zote hufundishwa, na Chuo cha Utalii cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, kimetoa vizazi vya wapishi, wahudumu na mameneja wanaofanya kazi katika kanda hii na hata katika nchi za Ghuba. Nafasi za juu zilizokuwa za wageni peke yao sasa zinashikwa na wananchi katika hoteli nyingi, maendeleo yanayostahili kupongezwa, ingawa pengo kati ya bei ya chumba kimoja kwa usiku na ujira wa mwezi wa anayekisafisha bado ni kubwa mno, na korona ilipoingia mwaka 2020 wengi wa wafanyakazi hao ndio waliotangulia kupoteza ajira.

Kwa sababu hiyo suala la bakshishi lisichukuliwe kuwa dogo. Bakshishi ni zawadi ya hiari, nayo haipaswi kuwa badala ya mshahara wa haki, lakini ikitolewa itolewe kwa busara. Mbeba mizigo na mhudumu wa mezani hupokea mara nyingi kwa kuwa wako mbele ya macho, ilhali mhudumu wa vyumba, ambaye kazi yake ni nzito zaidi, husahauliwa kwa kuwa huingia mgeni akiwa ametoka. Aidha, zamu hubadilika, na anayesafisha chumba siku ya kuondoka huenda si yule aliyekitunza siku zilizotangulia. Hivyo ni afadhali kuacha kiasi kidogo kila asubuhi juu ya mto, pamoja na karatasi inayoonesha wazi kwamba ni shukrani, kwa kuwa mhudumu mwadilifu hatagusa fedha ya mgeni isiyokuwa na maelezo.